Malalamiko Kuhusu Mgawo wa Chupa ya Tano

Ikoni, Ngazidja
Juni, 1987

Kwa Mwalimu Idarousse,
Mwenye Mchezo na Msimamizi wa Mashimo Yote,
Mutsamudu, Ndzuani.

Ndugu Mwenye Mchezo,

Nakusalimu kwa heshima anayostahili mtu aliyekwisha kuniua mara mbili, na mara zote mbili akaniomba radhi. Huku nyumbani wote ni wazima isipokuwa mimi, ambaye kwa hesabu za kitabu chako nimebakiwa na alama nne za uhai na mguu mmoja uliotenguka.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha tuliyochezea gololi sote wawili kule Unguja kabla wazee wetu hawajarudi visiwani. Kingazidja changu hukuchekesha, Kindzuani chako hunichosha, na Kifaransa tukiache ofisini. Zaidi ya hayo, shemeji yangu Houmadi hakisomi Kiswahili, na barua hii inamhusu yeye tangu mwanzo mpaka mwisho.

Naomba kwanza nikukumbushe mambo yalivyoanza, ili usije ukasema nimetia chumvi. Ulipokuwa bado unafundisha huku Moroni, yule kijana wa kizungu wa kambi ya askari wa kukodiwa, uliyekuwa ukimfundisha lugha yetu, alimaliza mkataba wake akakuachia sanduku. (Aliondoka Ngazidja akizungumza Kindzuani kitupu, na hakuna mtu Moroni aliyemwelewa, lakini hilo si lalamiko langu la leo.) Ndani ya sanduku mlikuwa na kitabu, ramani, na dadu zenye pembe ambazo hatujapata kuziona. Ijumaa moja baada ya swala ulituita chumbani kwako ukatueleza kwamba kila mmoja wetu atakuwa mtu mwingine, na sote kwa pamoja tutashuka kwenye mashimo yaliyo chini ya mlima mpaka tukutane na joka. Mimi nikawa Jabali, shujaa mwenye upanga. Mke wangu Zalifa akawa Paka, mwizi wa kufungua makufuli na kutembea juu ya kuta. Kaka yake, Houmadi, akachagua kuwa Mzee Kandili, mchawi wa ndevu nyeupe anayekaa nyuma akisoma kitabu. Wewe ukawa yote yaliyobaki: mashimo, popo na joka mwenyewe.

Kila mmoja alipewa alama zake za nguvu, wepesi, akili, mvuto na uhai. Ukatuambia kwamba humo mashimoni kuna chupa chache zilizofichwa, na anayeinywa chupa huongezewa alama, na nyongeza hiyo ni ya kudumu. Si kama chai ya asubuhi, ambayo ikifika saa nne imekwisha. Ukiongezewa nguvu, umeongezewa mpaka kufa. Ndiyo maana kitabu kinasema wasafiri washauriane, na chupa apewe yule itakayemfaa.

Sasa nakuja kwenye kosa lako, Mwalimu. Siku tulipoipata chupa ya kwanza, wewe, mgeni kwetu na mtu wa adabu zako, uliogopa kutuvunjia desturi. Ukauliza huku Ngazidja vitu hugawanywa vipi. Mtu amuulize Mngazidja vitu hugawanywa vipi! Sijafumbua mdomo, Houmadi amekwisha kukujibu: hugawanywa kama nyama ya harusi. Wewe ukaandika pembeni mwa kitabu kwa kalamu ya wino, na tangu hapo hatukupona.

Najua Ndzuani mna mambo yenu, kwa hiyo nakueleza. Huku kwetu mwanamume aliyefanya ndoa kuu, yaani anda, ndiye mtu mzima. Huvaa begani ule mtandio wa heshima tunaouita mharuma, hukaa mbele bangweni pale wanaume wa mji wanapokutana, huzungumza kwanza na hupewa nyama kwanza. Ambaye hajafanya, hata kama meno yamemtoka, ni mwana wa mji. Hukaa nyuma, hubeba masufuria, na husubiri. Houmadi alifanya anda yake Agosti iliyopita. Mimi, niliyemfundisha kuendesha baiskeli, bado ni mwana wa mji na mvi zangu. Nimemuoa Zalifa kwa ndoa ndogo, halali kabisa mbele ya Mungu, ambayo bangweni haihesabiki hata kidogo.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu chupa ya nguvu. Ilikuwa na alama tatu. Mtu yeyote angempa shujaa, lakini alipewa mchawi, kwa kuwa mchawi ni Houmadi na Houmadi ni mtu mzima. Sasa msafara wetu una mchawi anayeweza kumnyanyua ng'ombe, na hana kazi na ng'ombe. Nguvu hizo anazitumia kufungulia kitabu chake kwa kishindo. Mimi nina nguvu tisa. Upanga wangu unahitaji kumi na moja. Kwa hiyo tangu mwaka jana naubeba kwa ajili ya sura tu. Tulipofika kwenye mto wa chini ya ardhi, Mzee Kandili alinivusha mgongoni, na Houmadi akataka jambo hilo liandikwe. Katika ukumbi wa pili nilipigwa na popo. Sisemi popo mkubwa. Wewe mwenyewe ulifungua kitabu ukathibitisha kuwa alikuwa popo wa kawaida.

2. Kuhusu chupa ya wepesi. Hii nayo Houmadi aliichukua, akisema fungu la mtu mzima halijawahi kuwa kipande kimoja. Zalifa, ambaye Paka wake huishi kwa wepesi kama sisi tunavyoishi kwa mchele, aliuliza yake itakuja lini. Houmadi alimwambia asubiri zamu yake. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, na nilinyamaza, maana mwana wa mji hana kauli mbele ya mtu mzima. Ukarusha dadu, Paka akateleza ukutani na kutumbukia shimoni. Zalifa hakugomba. Tuliporudi Ikoni niliwekewa wali mkavu, bila mchuzi, bila samaki, bila hata neno. Mwalimu, popo mtu humzoea. Wali mkavu hauzoeleki.

3. Kuhusu chupa ya mvuto. Unajua kwamba kwenye harusi, wakubwa wakishachukua yao, mapafu na shingo huwaangukia wana wa mji. Basi na chupa ya tatu ilikuwa hivyo. Houmadi aliikagua, akasema mwenye mharuma hahitaji kuongezewa uzuri, akanisukumia. Sitaki kukuficha, nilifurahi. Nilirudi Ikoni ndani ya teksi nikiimba kimoyomoyo, na nyumbani nikajitazama kwenye kioo. Ijumaa iliyofuata ukatusomea ukurasa ambao ungetusomea mapema, kwamba viumbe wa mashimoni humwendea kwanza mwenye mvuto mwingi. Tangu hapo kila chenye meno kinanifuata mimi. Nimekuwa shujaa mzuri wa sura asiyeweza kuinua upanga wake. Hata yule popo alirudi.

4. Kuhusu chupa ya akili, iliyokwenda pia kwa Houmadi, sina neno. Inamfaa mchawi, na inamfaa Houmadi.

5. Kuhusu mpangilio wa safari. Katika kugawa chupa mimi ni wa mwisho, lakini katika kufungua mlango mimi ni wa kwanza. Houmadi anasema hiyo nayo ni desturi, kwamba watu wazima hukaa nyuma na kutoa shauri, na wana wa mji hutangulia na kazi. Nimefikiri sana kutafuta kasoro katika hoja hiyo, sikuiona, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

6. Usidhani ni mimi tu ninayeliona. Mwezi uliopita, kwenye kizuizi cha barabara ya Ikoni, mmoja wa wale askari wa kizungu alituteremsha kwenye teksi kutukagua. Mfukoni mwangu alikuta dadu ya pande ishirini na karatasi ya Jabali. Kitambulisho changu alikitazama kidogo tu. Karatasi aliisoma yote. Kisha akaniuliza kwa upole kama ni kweli shujaa ana nguvu tisa. Nikamwambia ni kweli. Akauliza nani aligawa chupa. Nikamweleza habari za nyama, za mharuma na za Houmadi, na abiria wenzangu wakathibitisha kuwa ndivyo inavyogawanywa. Askari aliikunja karatasi vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili, akaturuhusu tupite bila kufungua hata mfuko mmoja. Mwalimu, wale watu hawakuja visiwani kumhurumia mtu. Mimi wamenihurumia.

7. Kuhusu ombi langu lililokataliwa. Utakumbuka kwamba nilijaribu kutafuta njia ya halali. Katika ukumbi wa tatu kuna Malkia wa Mashimo, mjane, ambaye ulisema ana magamba shingoni lakini ana tabia nzuri. Kwa mvuto wangu mpya alikubali kunisikiliza. Nikaona kama sharti ni anda, basi Jabali na aifanye anda humo humo mashimoni, apate cheo, apate chupa. Nilijiandaa ipasavyo. Ng'ombe wangekuwa wale wa vichwa vitatu, ingawa nilikiri tangu mwanzo kwamba vichwa viwili vya ziada vingeleta ugomvi, kwa sababu hakuna anayejua ni vya nani. Mharuma ungefumwa kwa uzi wa buibui. Wageni wangekuwa mifupa ya ukumbi wa nne, ambao wana sifa moja kubwa, kwamba wamekwisha kukaa kwa safu na hawagombei nafasi. Ngoma, ukumbi mzima una mwangwi.

Houmadi alipinga. Alisema anda hufanywa katika mji wa mtu mwenyewe, na Jabali si mzaliwa wa mashimo. Na wewe, usiyejua anda ina mlango wapi, ukasema hoja hiyo ni nzito. Ulipima kwa mizani gani? Zalifa yeye aliniuliza jambo moja tu tulipokuwa njiani, huyo Malkia ni nani. Nikamweleza kwa ufasaha, pamoja na magamba. Wali ulikuwa mkavu kwa mara ya pili.

8. Sasa nafika kwenye chupa ya tano, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Katika barua yako ya juzi umeandika kwamba chupa tuliyoiona kwenye kizingiti ni ya uhai, alama sita za kudumu, na kwamba tuigawane "kwa kawaida yenu" kabla hujaja likizo ya Agosti kutufungulia mlango wa mwisho. Nyuma ya mlango huo yuko joka. Mimi nina alama nne, na pumzi moja ya joka huondoa tano. Umekwisha kunifufua mara mbili, na kitabu hakiruhusu mara ya tatu. Kwa kawaida yetu chupa itanywewa na Mzee Kandili, ambaye atakuwa nyuma akitoa shauri, na Jabali atakufa mlangoni, akiwa mzuri wa sura, na hatarudi.

Hapa naomba niseme bila mzaha. Kila Ijumaa napita bangweni. Wanaume wa rika langu wamekaa mbele na miharuma yao. Mimi nawasalimu, wananijibu vizuri, kisha naenda nyuma kukaa na vijana ambao ningeweza kuwazaa. Kwenye harusi ya Houmadi nilisimama kwenye moshi wa masufuria tangu alfajiri, na nyama yangu nikapewa pamoja na wanafunzi wako. Wakati ule nilicheka pamoja nao. Watu wakiniuliza, husema hainiumi. Inaniuma, Mwalimu. Nimekuwa nikisema uongo huo kwa muda mrefu kiasi kwamba hata Zalifa amechoka kujifanya ananiamini.

Nilipoingia chumbani kwako mara ya kwanza uliniuliza mimi ni nani. Hukuniuliza kama nimefanya au sijafanya. Nikasema mimi ni Jabali, ukaandika Jabali, na ikawa basi. Sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kuniandika kwa urahisi namna ile. Kati yangu na yeye, Jabali ndiye aliyepata kusimama mbele bila kuombwa arudi nyuma, hata kama huko mbele kuna popo. Kwa hiyo sitaki afe.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa heshima yafuatayo yatekelezwe:

Chupa ya tano nipewe mimi, nami niko tayari kuinywa mbele ya mashahidi.

Desturi ya nyama ifutwe mashimoni kote, na ule wino pembeni mwa kitabu ukwanguliwe kwa wembe. Kuanzia sasa chupa apewe anayeihitaji, awe amefanya anda au hajafanya, awe mwanamume au mwanamke. Paka alipwe wepesi wake kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mzee Kandili atapishwe. Nimekisoma kitabu chote na sikuona mahali kinapokataza. Nguvu zitakazotoka zikusanywe kwa uangalifu.

Ikiwa hayo yote hayawezekani, basi joka lijulishwe mapema kwamba mimi si kiongozi wa msafara, na kwamba mwenye heshima zake yuko nyuma, ndevu nyeupe, kitabu mkononi.

Mwisho, naomba uandike kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu, kwa herufi kubwa, kwamba mtu hupimwa kwa alama zake na si kwa mharuma wake. Jambo hili naliamini kwa moyo wangu wote. Niko tayari kulisema bangweni mbele ya mji mzima, kutoka nyuma nilipo, na sitalibadilisha maisha yangu yote.

Nisalimie mkeo Koultoumi na umwambie karafuu zimefika. Wasalimie wazee wako wa Patsy, na wale majirani zako wa bandarini wanaokuuliza kila mara kama tumekwisha kufika kwa joka. Mama mkwe wangu Moinafouraha anakusalimu na anasema umekonda kwenye picha. Zalifa anakusalimu. Paka anakusalimu kutoka shimoni. Joka nalo lisalimie, kwa kuwa sijui kama nitapata nafasi ya kufanya hivyo mwenyewe.

Ni mimi, nisiyechoka kulalamika wala kukupenda,

Mbaé Oumouri
Karani, Moroni
Shujaa wa daraja la tatu, nguvu tisa
Mwana wa mji wa Ikoni

Baada ya kutia sahihi: Kabla sijaifunga bahasha, mjomba wangu Chanfi ameingia kutoka Vouvouni, amekaa, amekunywa maji, ndipo akazungumza. Lile jambo lililokuwa likiahirishwa miaka yote limekubalika. Kaka yangu wa Marseille amekubali kutoa pesa, wajomba wa Zalifa wamekubali, na mji umepewa habari. Anda yetu, mimi na Zalifa, ni Agosti hii. Nimelia kidogo. Si sana, kwa sababu watu walikuwa wengi.

Kwa hiyo nakuomba usiyasome yaliyo hapo juu, na kama umekwisha kuyasoma, uyachukulie kuwa ni ya mtu mwingine. Nimeifikiria upya desturi ya nyama na nimeiona ina busara kubwa. Bila utaratibu, watu wangegawana vitu kwa mahitaji tu, na mahitaji hayana mwisho. Chupa ya tano isiguswe mpaka nimevaa mharuma, kisha igawanywe kwa kawaida yetu bila kupunguza tone. Wino usikwanguliwe. Kuhusu kumtapisha Mzee Kandili, ninashangaa ni nani aliyetoa wazo hilo, mtu mzima hatapishwi. Houmadi amekuja, amenikumbatia, amenivutia kiti cha mbele kwa mkono wake mwenyewe, akasema mtu mzima hamsahau mtu mzima mwenzake na chupa ya uhai ni yangu. Nilikuwa sijamfahamu vizuri yule bwana.

Zalifa, ambaye ndoa hiyo ni yake na nyumba, kwa desturi yetu, ni yake, alikuwa akikunja nguo. Akaniuliza, sasa kwa kuwa nitakuwa nagawa mimi, chupa ya wepesi ikionekana tena, je, Paka ataipata? Nikamwambia asubiri zamu yake.

Chakula kimeletwa sasa hivi. Ni wali mkavu.